“Sijatoboa”: Yale Niliyochoka Kuyasikia Kuhusu Mafanikio na Imani

Wiki mbili zilizopita, baada ya kufunga sanduku na watunza funguo watatu kuondoka kila mmoja na ufunguo wake, dereva bodaboda mmoja alibaki nyuma akizungusha helmeti mkononi. Ni mwanachama wa kikoba kimojawapo ninachokilea huku Mbagala, ana miaka 34.

“Mwalimu,” akasema, “naona Mungu kanisahau. Umri unaenda, sijatoboa.”

Nikamwomba akae. Nikafungua daftari la kikundi nikamsomea habari zake mwenyewe. Alijiunga miaka mitatu iliyopita akiendesha pikipiki ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni, na anadaiwa na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, sehemu mbili. Madeni yale ameyamaliza. Akachukua pikipiki ya mkataba, akapeleka 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 60, na leo kadi ina jina lake. Hizo ni shilingi 3,600,000 alizozitoa kwenye foleni na matope, elfu kumi kumi. Hisa anaweka kila wiki. Marejesho hajawahi kuchelewesha.

“Sasa yote haya ni nini?” nikamwuliza.

“Hayo si kawaida tu, mwalimu? Ni kuhangaika.”

Nimefundisha vikundi vya kuweka na kukopa kwa miaka 14. Neno hilo, “sijatoboa,” nimelisikia Mbagala, nimelisikia Kilosa, nimelisikia kwetu Iringa. Nimelisikia kwa walokole, kwa Wakatoliki wenzangu na kwa Waislamu wa swala tano. Siku ile nilirudi nyumbani nimekasirika, si kwa yule kijana, bali kwa waliomfundisha kujiangalia hivyo. Ndiyo maana ninaandika, nikijibu maneno yao moja moja.

“Mafanikio yana siku yake. Mungu akifungua mlango, unatoboa.”

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kutoboa ni kazi ya kekee: upande huu giza, upande wa pili mwanga, na kati yake ubao. Ukiishayaona maisha hivyo, chochote unachofanya kabla tundu halijatokea hakihesabiki. Deni ulilolipa si kitu. Mtoto aliyemaliza muhula bila kurudishwa nyumbani si kitu. Unaweza kumiliki pikipiki uliyoilipia kwa siku 360 za jua na mvua na bado ukajiona uko upande wa giza, kwa sababu hukusikia ubao ukipasuka.

Halafu dini inaitwa kuja kulibariki wazo hilo. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira zaidi, kwa sababu mfano wanaoutumia ni wa Yusufu: jana gerezani, leo ikulu. Nimeusikia ukihubiriwa mpaka spika zinakoroma. Haya, tusome. Mwanzo 37 inasema Yusufu alikuwa na miaka 17 hadithi yake inapoanza. Mwanzo 41 inasema alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ni miaka 13. Na katika miaka hiyo hakukaa akisubiri mlango. Alisimamia nyumba ya Potifa, yote, mpaka mwenye nyumba akawa hajui kilichomo isipokuwa chakula alichokula. Akatupwa gerezani, na huko nako akakabidhiwa wafungwa awasimamie. Kwa hiyo alipofika kwa Farao alikuwa mtu mwenye uzoefu wa usimamizi wa miaka mingi ambaye alikuwa hajapewa ofisi kubwa. Ile siku moja ilikuwa ya kubadilisha mwajiri tu.

Na alipopewa ofisi alifanya nini? Aliweka akiba. Sehemu ya tano ya mavuno, kila mwaka, kwa miaka saba. Katika Kurani, Sura ya Yusuf, ushauri wake uko wazi zaidi: limeni miaka saba mfululizo, mnachovuna kiacheni katika mashuke yake, isipokuwa kidogo mtakachokula. Aya chache mbele, yeye mwenyewe anaomba asimamie hazina za nchi, na sifa anazojitajia ni mbili: mlinzi na mjuzi. Mimi kila ninapofundisha uchaguzi wa mweka hazina wa kikundi huanza na aya hiyo, na sijawahi kuona Mkristo akinuna.

Mtu ataniambia imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana. Sawa. Yasiyoonekana, si yasiyofanywa.

Wahamasishaji nao wana hadithi yao, ya mwanzi wa Kichina. Unaupanda, unaumwagilia miaka mitano huoni kitu, halafu katika wiki sita unapaa futi 90. Nimeisikia kwenye semina, kwenye harusi, na safari moja msibani. Ni uongo. Mimi nimekulia Iringa, kwenye mianzi ya ulanzi, na simjui mzee wa kwetu ambaye angemwagilia ardhi tupu kwa miaka mitano. Angeitiwa ndugu zake. Mbegu ya mwanzi huota ndani ya wiki chache. Mwaka wa kwanza unatoa vijiti vyembamba kama nyasi. Mwaka wa pili machipukizi yanatoka manene kidogo kuliko ya mwaka uliopita, kwa sababu shina la chini ya ardhi limetambaa na limeweka akiba. Mwaka wa tatu manene zaidi, na marefu zaidi. Ni kweli kwamba mwanzi ukishakomaa chipukizi lake hupanda kwa kasi ya kutisha. Zile aina kubwa za Asia huweza kuongezeka zaidi ya nusu mita kwa siku. Lakini linakula akiba ya miaka yote iliyotangulia, na miaka hiyo yote mwanzi ulikuwa unaonekana. Mwenye macho aliuona. Mbegu isiyoonyesha chochote kwa miaka mitano imeoza. Fukua, panda nyingine.

Sibishani na hadithi ya mwanzi kwa sababu ya ubishi wa botania. Inaumiza watu. Mtu anayeamini kwamba ni kawaida kutoona chochote kwa miaka hatauliza maswali anapopeleka fedha mahali pasipo na dalili. Wakubwa mnaikumbuka DECI, ule upatu uliopigwa marufuku mwaka 2009. Fedha ya kuingia iliitwa mbegu, kulipwa kuliitwa kuvuna. Lugha ilikuwa ya shambani na ya madhabahuni kwa pamoja, lakini shamba halikuwepo: waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliochelewa. Tangu hapo majina yamebadilika, siku hizi yanakuja kwa simu, ila ahadi ni ileile: weka leo, siku moja utaona. Shamba la kweli halina siku moja. Lina jani, kisha suke, kisha ngano pevu ndani ya suke. Mpangilio huo si wangu, uko Marko 4.

Basi mafanikio ni nini? Mimi ninayapima kwa tofauti kati yako na wewe, kwa tarehe mbili. Kila mwanachama mpya ninamtaka anunue kaunta buku la kwaya mbili, si karatasi za kuokota, na aandike mambo manne: nina nini, ninadaiwa nini, ninajua kufanya nini ambacho mtu atanilipa, na nani hula kwa sababu yangu. Ukurasa mmoja. Baada ya hapo, kila wiki mstari mmoja tu. Kazi ya imani ni kukurudisha kwenye mstari ule wiki ambayo hujisikii kuandika. Mama mmoja wa Kiislamu katika kikundi chetu huwakumbusha wenzake hadithi ya Mtume kwamba amali azipendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zinazodumu, hata zikiwa chache. Tena akiongeza kwamba Kurani yenyewe iliteremka kwa muda wa miaka 23, sasa wewe na genge lako la nyanya una haraka gani?

Kuna kosa moja la kupima ambalo hata wenye madaftari hulifanya. Usiipime Januari kwa Desemba. Desemba watu wanakula na kuvaa, Januari wananunua sare na madaftari; ukilinganisha utalia bure. Pima Januari hii kwa Januari ile. Na kama unauza tambi, tende au vitumbua vya futari, pima Ramadhani kwa Ramadhani, ambayo huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya ukutani itakudanganya. Nimewaona watu wakifunga biashara nzuri kwa sababu Aprili yao ilikuwa mbovu kuliko Aprili iliyopita, na hawakukumbuka kwamba ile Aprili nyingine nusu yake ilikuwa mfungo.

Mwuza vitumbua mmoja niliyemlea alikuwa na lengo la chumba chake mwenyewe. Kiwanja kidogo alishapata. Hakuweza kuweka fedha ndani, mume na watoto na shemeji wote wana shida zao, na fedha inayoonekana haikai. Akaamua kununua tofali. Kumi kwa wiki, si zaidi hata wiki njema, maana alijua wiki mbaya inakuja. Majirani walimcheka: tofali kumi zimeegemezwa ukutani kama mtu anayejenga banda la kuku. Baada ya wiki 104 alikuwa na tofali 1,040. Sitasema alitoboa. Nitasema kila Jumapili alikuwa na kumi zaidi ya Jumapili iliyotangulia, naye akijua hivyo, akilala akijua hivyo.

“Nikirudi nyuma, ninaanza sifuri.”

Nimalizie habari za mama huyo, kwa sababu mwaka wa tatu uliharibika. Kwanza usiku mmoja wezi walichukua tofali 60. Halafu mume akalazwa. Mfuko wa jamii wa kikundi ulimpa alichostahili, hakikutosha, akauza tofali 300. Alikuja kwenye kikao amevaa khanga ya msiba wakati hakuna aliyekufa. “Mwalimu, nimerudi sifuri.”

Tukatoa kalamu. 1,040, toa 60, toa 300. Zimebaki 680. Nikamwuliza sifuri imeingiaje hapo. Na hizo ni tofali tu. Fundi anayemuuzia kwa bei ya jumla bado anamjua. Wateja wa saa kumi na mbili asubuhi wako palepale. Katika kikundi rekodi yake ni safi, hivyo anaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, jambo ambalo siku ya kwanza hakuliweza. Mume amerudi nyumbani kwa miguu yake. Mtu hurudi nyuma hatua kadhaa, na hatua huhesabika. Neno “sifuri” ni la hasira, si la hesabu, na huwa ninawakataza kulitamka kwenye kikao mpaka waniletee takwimu.

Kwa upande wa imani, wengi hudhani kurudi nyuma ni dalili kwamba Mungu amekasirika au kuna mkono wa mtu. Wezi wa tofali wapo kila mtaa. Siku zijazo andika jina lako kwenye tofali kwa rangi.

“Nimechelewa.”

Kwa kulinganisha na nani? Huwa ni kundi la WhatsApp la waliomaliza kidato cha nne pamoja, ambako kila mtu anaweka picha ya gari na hakuna anayeweka picha ya marejesho. Ibrahimu aliondoka Harani ana miaka 75 na Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100. Musa alikuwa na 80 aliposema na Farao. Hao ni wa zamani, mtaniambia, na miaka yao ilikuwa mirefu. Haya, chukueni wa juzi.

Alphonce Simbu, wa kwetu hapahapa, alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 akapata shaba ya dunia kule London. Mtu mwenye akili ya kutoboa angesema mlango umefunguka. Haukufunguka. Olimpiki ya Tokyo, iliyokimbiwa 2021, akawa wa saba. Birmingham 2022, medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola. Ndipo Septemba 2025, Tokyo hiyohiyo, akiwa na miaka 33, akashinda dhahabu ya dunia, ya kwanza kwa Tanzania katika riadha. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Watu wanaiangalia ile video ya mita za mwisho wanasema, “Ona, Mungu akiamua.” Mimi ni mtu wa kusali na sina ugomvi na sentensi hiyo. Ila ninawauliza: na asubuhi zote kati ya 2016 na 2025, Mungu alikuwa hajaamua? Angepitwa kwa zile sekunde 0.03, yote yale ya nyuma yangekuwa si kitu? Kama jibu ni ndiyo, basi mnaabudu picha ya mstari wa kumalizia.

“Kupanga na kuhesabu ni kukosa imani.”

Luka 14: nani anayejenga mnara asiyeketi kwanza ahesabu gharama? Na Mtume alimwambia yule bwana afunge ngamia wake, kisha ategemee. Sioni la kuongeza. Anayekataa daftari kwa sababu ya imani mara nyingi huwa anaogopa kitakachoandikwa humo.

“Haba na haba hujaza kibaba, popote pale.”

Hili linatoka kwa watu wangu mwenyewe, wanafunzi wazuri walioelewa somo kupita kiasi. Mwendo wa pole hufaa kwenye kujenga. Kwenye deni la kausha damu haufai hata kidogo. Umekopa 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi unapeleka 20,000 na kumshukuru Mungu kwamba hujakwama. Mwisho wa mwaka umetoa 240,000 na bado unadaiwa 100,000 yote. Haba zako zimejaza kibaba cha mwingine. Hapo kata haraka: uza redio, uza simu kubwa, omba kikundi mkopo wa kufunga deni, vumilia aibu ya mwezi mmoja. Nimewahi kumwambia mtu auze kochi, akasema kochi ni baraka kutoka kwa marehemu baba yake. Alikalia baraka hiyo miezi kumi, riba ikitembea, na mwishowe wakamchukulia kochi pamoja na friji.

Vivyo hivyo kwa ugonjwa. Uvimbe hausubiri maendeleo ya hatua kwa hatua, na sala si badala ya kipimo.

Mengine nayapitia kwa haraka, maana nimechoka na nanyi mna kazi. Kwamba kuridhika ni uvivu: anayeshukuru kwa tofali kumi ndiye anayerudi kununua kumi nyingine, asiyeridhika anakwenda kucheza mkeka. Kwamba maendeleo lazima yaonekane na jirani: deni lililoisha halina rangi, hakuna anayelipiga picha, na kwa watu wengi ninaowahudumia ndilo hatua kubwa kuliko zote. Kwamba fungu la kumi au sadaka ni mtaji unaorudi na faida: toeni kwa moyo, ni kati yenu na Mungu, lakini msiiandike upande wa uwekezaji, nikiikuta huko naifuta kwa kalamu nyekundu. Kwamba mkeo au mumeo asijue unachoweka mpaka kifike pazuri: sitagusa, kila nyumba ina dari yake.

Yule dereva bodaboda alirudi juzi. Alikuwa amenunua kaunta buku, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika mambo yale manne kwa herufi kubwa. Sehemu ya “nani hula kwa sababu yangu” ilikuwa na majina sita. Alikuwa hajawahi kuyaandika mahali pamoja. Aliniuliza kama anaweza kuhamishia yote kwenye programu ya simu, kwa kuwa daftari linaloa chini ya kiti cha pikipiki. Nimemwambia simu huibiwa Kariakoo kila siku, kaunta buku sijasikia. Alifunge kwenye mfuko wa nailoni.